Siri ya Mgonjwa na Kalamu ya Daktari wa Jeshi

Hapa Bukavu yupo mzee ambaye wengi wetu humwita Papa Dokta. Alikuwa daktari wa jeshi tangu enzi za Zaire mpaka alipostaafu, na tangu hapo anaandika vitabu vya aina mbili: wasifu wa watu wa kihistoria, na riwaya. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimpigia chapa miswada yake, kwa kuwa yeye huandika kwa mkono katika madaftari ya shule. Jina lake halimo katika makala hii kwa sababu ameomba lisiwemo, na kwa sababu shabaha yangu si kumsifu. Ninataka kueleza jambo ambalo nimelielewa kwa kuipitia miswada hiyo sentensi baada ya sentensi, kwamba kwake mpaka kati ya wasifu na riwaya haukuwekwa na ladha ya wasomaji wala na soko la vitabu, bali uliwekwa na kiapo cha uganga.

Daktari wa jeshi husikia mambo ambayo hata padri hayasikii. Askari aliyejipiga risasi mguuni ili arudishwe nyuma, ofisa ambaye mikono humtetemeka usiku na ambaye anaomba dawa isiandikwe katika daftari, kijana aliyeandikishwa kwa umri wa uongo: wote hao hupita mbele yake, na kila mmoja humwachia neno. Daktari wa raia naye hutunza siri, lakini yule wa jeshi yuko kati ya wenye haki wawili, kwa kuwa mtu aliyelala kitandani ni mgonjwa wake na wakati huohuo ni askari wa kikosi, na kamanda anataka kujua ni wangapi watakaosimama kesho asubuhi. Anayemaliza utumishi wa namna hiyo hutoka akiwa na ghala la habari ambazo mwandishi yeyote angezitamani, na karibu zote si mali yake.

Ndiyo maana Papa Dokta hakubali kuandika kumbukumbu zake. Watu wanaomtembelea humshauri kila mara aandike aliyoyaona Shaba (Katanga ya leo), aandike aliyoyaona Kivu, na yeye hujibu kwa upole kwamba aliyeona ni yeye, lakini walioumia ni wengine, na hao hawakumpa ruhusa. Kutokana na jibu hilo amejiwekea kanuni ambayo sijamwona akiivunja. Wasifu huandikwa kuhusu watu ambao hakuwatibu, waliokufa kabla yeye hajashika kifaa cha kupimia kifua, na ambao karatasi zao zinaweza kusomwa na mtu yeyote. Waliopita mikononi mwake huingia katika riwaya tu, tena baada ya kubadilishwa kiasi kwamba hata mama zao wasiwatambue.

Wasifu wa kwanza nilioupiga chapa unamhusu Ngongo Lutete, kiongozi wa vita wa upande wa Lomami, aliyeanza chini ya Tippu Tip, akahamia upande wa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold mwaka 1892, na kwa wingi wa askari wake akampa ofisa wa Dola hiyo, Francis Dhanis, nguvu ya kuwashinda Waarabu na Waswahili wa Maniema. Nyangwe ilianguka mwezi Machi 1893, Kasongo mwezi Aprili mwaka huohuo, na tarehe 15 Septemba maofisa wa Dola ileile aliyoipigania wakampiga risasi kule Ngandu kwa shtaka la usaliti. Mmoja wa mashahidi wakubwa wa habari hizi naye alikuwa daktari wa jeshi: Sidney Langford Hinde, Mwingereza aliyetumika chini ya Dhanis, ambaye alichapisha kitabu kuhusu vita hivyo mjini London mwaka 1897. Bila ya Hinde tungejua machache sana, na kwa sababu ya Hinde tumeamini mengi mno. Mtu huyu alimheshimu Ngongo kama mpiganaji, lakini ukurasa unaofuata huwasimulia watu wa Ngongo kama walaji wa binadamu kwa wingi na kwa uhakika ambao hakuna jicho moja lingeweza kuushuhudia.

Namna Papa Dokta alivyomsoma Hinde ndiyo iliyonifanya nianze kumchukua kama mwalimu wangu. Alichukua fotokopi ya kitabu kizima, na pembeni mwa kila aya akaweka alama moja kati ya tatu. Ya kwanza ni ya mambo ambayo Hinde aliyaona kwa macho na kuyagusa kwa mikono, kama vile majeraha, ndui, njaa na idadi ya siku za safari. Ya pili ni ya mambo aliyoambiwa na mkalimani au na ofisa mwenzake. Ya tatu ni ya hukumu zake. Alinieleza kwamba hivyo ndivyo anavyofundishwa mwanafunzi wa uganga tangu mwaka wa kwanza hospitalini: asichanganye maumivu anayoyataja mgonjwa na uvimbe anaoupapasa mwenyewe, wala asiandike jina la ugonjwa kabla ya kuyaweka yale mawili bayana. Mwisho wa kazi ile ilionekana wazi kwamba sehemu kubwa ya habari za kutisha katika kitabu cha Hinde zilikuwa na alama ya pili na ya tatu, na kwamba pale alama ya kwanza ilipotawala, Hinde alikuwa shahidi makini kweli. Nimesoma wanahistoria wenye shahada kubwa ambao humkubali Hinde kwa yote au humkataa kwa yote, na kwa maoni yangu hakuna kati yao aliyemtendea haki kama mzee huyu mwenye kalamu nyekundu.

Kuhusu matokeo ya kifo kile, wasifu unasema kwa uangalifu. Mwezi Julai 1895 askari wa kambi ya Luluabourg waliasi, na miongoni mwao walikuwemo wengi waliokuwa watu wa Ngongo. Mwaka 1897 msafara mkubwa wa Dhanis uliokuwa ukielekea Nile nao uliasi, na mabaki ya waasi wa awali yaliendelea kujificha na kupigana upande wa Katanga hadi mwaka 1908. Ni rahisi kuandika kwamba risasi za Ngandu ndizo zilizoleta yote hayo. Papa Dokta hakuandika hivyo. Ameandika kwamba kifo cha Ngongo kilikuwa sababu mojawapo, kando ya viboko na ukali wa maofisa, na kwamba anayetaka sababu moja tu atafute riwaya.

Tabia hiyohiyo ndiyo inayomzuia kufanya jambo ambalo waganga waandishi hulipenda sana, yaani kuwapima wafu. Zipo makala nyingi duniani zinazotueleza mfalme fulani aliugua nini, jenerali fulani alikufa kwa sumu gani, kana kwamba mwandishi alimshika mkono na kuhesabu mapigo yake. Yeye anakataa. Katika sura zake kuhusu vita vya mwaka 1916 dhidi ya Wajerumani, majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yalipoingia Kigali mwezi Mei na Tabora tarehe 19 Septemba chini ya Charles Tombeur, anayefuatiliwa si Tombeur, ni mpagazi. Wapagazi walioitwa kazini katika vita vile wanakisiwa kuwa zaidi ya 200,000, watu waliotolewa katika nchi za joto wakapandishwa kwenye baridi ya milima yetu, wakabadilishiwa chakula, wakalala nje, na wakafa zaidi kwa vichomi, kuhara damu na malaria kuliko kwa risasi. Lakini karatasi ya zamani inapotaja neno homa peke yake kandokando ya jina la mtu, Papa Dokta naye huandika homa, anaongeza kwamba aina yake haikutajwa, kisha anaendelea. Nilipouliza kama haoni kwamba aya hizo zinakauka, aliniambia kuwa mtu aliyenyimwa kaburi lenye jina asinyimwe pia ukweli kuhusu kifo chake, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba hakuna aliyeuliza.

Sasa yuko katika kazi ambayo naiona kuwa kubwa kuliko zote. Kambi ya jeshi ya mji wetu inaitwa Saïo, na wanafunzi wangu hupita mbele yake bila kujua kwamba hilo ni jina la mji wa milimani kule Ethiopia, ambako tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Pietro Gazzera wa Italia alisalimu amri kwa jeshi la Kongo lililoongozwa na Jenerali Auguste Gilliaert. Hiyo ni habari ya bunduki, na imeandikwa mara nyingi. Papa Dokta aliifuata habari nyingine iliyotoka katika jeshi lilelile: kikosi cha tiba cha Kongo kilichopewa namba 10 katika jeshi la Waingereza, ambacho kilianza na Wakongo wapatao 350 na Wazungu wapatao 20, na ambacho baada ya kutumika upande wa Somalia na Madagaska kilipelekwa Burma, kikahudumu huko hadi mwaka 1945. Kazi yake ilikuwa kupokea majeruhi karibu na mapigano, kuwatenganisha kulingana na hali zao, kuwapasua waliohitaji kupasuliwa mara moja, na kuwapeleka nyuma walioweza kustahimili safari.

Kikosi hicho kilifuatana na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya mwaka 1944 na hadi mto Chindwin. Kati ya askari wale Kiswahili kilikuwa lugha ya kila siku, kwa hiyo muuguzi aliyezaliwa Maniema au Kivu aliweza kumhoji majeruhi wa Tanganyika bila mkalimani, jambo ambalo madaktari wengi Wazungu waliowasimamia hawakuliweza. Hapo ndipo jicho la daktari linapoona kitu ambacho mwanahistoria kama mimi angekipita. Bonde la Kabaw lilikuwa na homa mbaya inayoambukizwa na vibuu vya utitiri wa vichakani, vidudu vidogo visivyoonekana kirahisi. Mwaka ule haikuwa na dawa, kwani dawa ya kwanza iliyothibitika kuitibu, kloramfenikoli, ilipatikana mwaka 1948. Maana yake ni kwamba mwaka 1944 aliyepona homa ile alipona kwa mwili wake mwenyewe na kwa mkono wa muuguzi: kunyweshwa maji kijiko kwa kijiko, kugeuzwa kitandani, kupanguswa, kulindwa asianguke akiweweseka usiku. Papa Dokta anaandika kwamba katika mahema yale, kwa muda wa homa hiyo, daktari na muuguzi walikuwa na uwezo uleule, na kwamba vitabu vilivyowataja madaktari peke yao havikuwaelewa hata madaktari wenyewe.

Hapa ndipo wasifu unapogonga ukuta. Hadi mwaka 1960 hakuna Mkongo aliyekuwa ofisa katika jeshi lile, hivyo ripoti ziliandikwa na wengine, na wauguzi wanaonekana ndani yake kama idadi. Mwezi Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mkongwe wa vita vile aliyekuwa na umri wa miaka 100. Wengi tulitazama picha zile kwa furaha, na mzee wangu alizitazama kwa furaha na kwa uchungu, kwa sababu alijua ni wangapi hawakupata hata mtu wa kuwauliza jina la kijiji chao. Kwa muuguzi asiye na karatasi, yeye haandiki wasifu. Anaacha nafasi, anaeleza kuwa ni nafasi, na kile anachokijua kuhusu mikono ya muuguzi anakipeleka katika riwaya.

Riwaya zake ni tatu, na mbili hazijachapishwa. Ile ninayoipenda zaidi inapita katika kambi ya wakimbizi juu ya mawe ya volkano, mahali pasipotajwa, ingawa msomaji yeyote wa Kivu atapatambua. Mwezi Julai 1994 karibu watu milioni moja waliingia Goma kutoka Rwanda katika muda wa siku chache. Walikunywa maji ya ziwa, kipindupindu kikaingia, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu wanaokaribia 50,000. Ardhi ya huko ni jiwe la volkano, haikubali jembe, kwa hiyo hapakuchimbika vyoo wala makaburi, na ilibidi mashine kubwa za kijeshi ziletwe. Papa Dokta alifanya kazi pale. Katika riwaya hakuna kamanda anayetambulika, hakuna shirika linalotajwa, hakuna mgonjwa ambaye unaweza kusema ni fulani wa Kibumba au Mugunga. Lakini kuna hesabu ya maji ambayo ni yeye tu angeweza kuiandika. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kupoteza lita kumi na zaidi kwa siku. Asipotibiwa, hatari yake ya kufa hufika nusu kwa nusu. Akirudishiwa maji na chumvi mapema, huokoka karibu kila mmoja. Mhusika mkuu, muuguzi wa jeshi, anashika chupa za maji ya mshipa zisizotosha, na sura nzima inasimulia namna anavyoamua nani apewe ya mshipa, nani anyweshwe kwa kikombe, na nani aachwe. Hakuna kilio ndani ya sura hiyo wala sifa inayopaza sauti. Kuna lita, saa, na vifundo vya mikono ambavyo mapigo yake hayapatikani tena.

Nilipokuwa nikiipiga chapa sura ile nilielewa kwa nini isingeweza kuwa kumbukumbu. Aliyeachwa alikuwa na ndugu, na huenda yuko mtu anayeishi leo Goma au Byumba ambaye angejitambua kama mtoto wa yule aliyeachwa. Riwaya inaliweka tendo hadharani bila kumweka mtu hadharani. Mwisho wa kitabu ameandika ukurasa mmoja akieleza ni mambo gani ni ya kweli kwa jumla na kwamba hakuna mtu ndani yake aliyepata kuishi. Na katika kila wasifu kuna ukurasa unaolingana na huo, unaoeleza kwamba hakuna mazungumzo yaliyotungwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwepo kuyaandika. Ninaamini kanuni hiyo ya pili inahitajika sana kwetu. Wasifu mwingi unaouzwa mijini mwetu humtia marehemu maneno kinywani kwa kurasa nzima, tena maneno ya hekima, na kesho yake mwanafunzi wangu huyanukuu katika mtihani kama historia.

Kuna jambo moja ambalo bado tunabishana, naye anajua kwamba nitaliandika. Riwaya ameziandika kwa Kiswahili, ila wasifu anauandika kwa Kifaransa, akisema kwamba nyaraka ziko kwa Kifaransa na wataalamu watakaomsahihisha husoma Kifaransa. Naheshimu hoja hiyo lakini siikubali. Wajukuu wa wapagazi wa Tabora wako Walungu, Kalehe, Kabare na Uvira, na wengi wao watasoma kitabu cha Kiswahili hadi mwisho, ilhali kile cha Kifaransa watakiangalia jalada. Wala wasifu kwa Kiswahili si mtindo mpya unaohitaji kuombewa radhi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip mwenyewe, aliyaeleza maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa Unguja mwaka 1905, na Heinrich Brode akayachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Ikiwa aliyeichukua Maniema kwa bunduki alipata kusikika katika lugha hii, aliyebeba mzigo kutoka Maniema anastahili hivyo pia. Papa Dokta amekubali kwamba kitabu cha wauguzi wa Burma kitoke kwa lugha zote mbili, na tafsiri ninaifanya mimi, naye ananisahihisha kila mahali ninapoongeza kivumishi.

Kinachotukwamisha sasa ni karatasi. Nyaraka za serikali ziko mbali, na za nyumbani zimepotea kila vita vilipoufikia mji: mwaka 1964 na 1967, Oktoba 1996, Juni 2004, Februari 2025. Familia ikikimbia hubeba watoto na godoro, na sanduku la babu hubaki. Hata hivyo, najua kwamba yako mengine yaliyosalimika Kadutu, Bagira, Nyangezi, Kindu na Kasongo, kwa sababu tayari tumeletewa machache: kitabu cha utumishi wa askari chenye kurasa zilizoshikana kwa unyevu, na picha ya wanaume sita mbele ya hema lenye alama ya msalaba, nyuma yake pameandikwa majina mawili ya kwanza tu.

Kama babu au baba wa babu yako alikuwa muuguzi, mbeba machela, dereva wa gari la wagonjwa au mpishi katika jeshi kati ya mwaka 1940 na 1945, tazama tena katika sanduku. Tunachotafuta ni kitabu cha utumishi, barua, medali yenye namba, picha yenye maandishi nyuma, au cheti cha kuruhusiwa kurudi nyumbani. Hata jina lisilo na tarehe lina faida, ikiwa tutaambiwa alizaliwa kijiji gani na nani bado anakumbuka aliyoyasimulia. Karatasi yenyewe ibaki kwenu, nakala inatosha, na hakuna jina litakalochapishwa kabla familia haijasoma ukurasa wake na kukubali.